Dingi Halali Majini

Usiku wa kuamkia leo nimeota nambembeleza dingi apande juu akalale, na dingi anakataa mpaka ajue kwanza ngeli yake. Sikuwa na homa, na sikula kitu kizito. Nasimulia kama nilivyoona.

Tulikuwa tumetia nanga nyuma ya kisiwa kidogo kaskazini mwa Tanga, watu watatu: mimi, mume wangu Mhando, na baba yangu, Mzee Ntandu. Boti ni ya Mhando, ni ya matanga, na inaitwa Haya Basi. Baba alipoambiwa kwamba tutampeleka kwenye boti ya matanga alivua kofia akauliza nani tena amefariki. Ni mtu wa bara, mkuu wa stesheni mstaafu wa Manyoni, na kwake matanga yana maana moja tu.

Dingi ni kile kiboti cha mpira kinachotupeleka nchi kavu na kuturudisha. Mitaani, kama mnavyojua, dingi ni baba. Mhando anaona hakuna kichekesho duniani kinachozidi hicho. Hasemi "ifunge dingi", anasema "mfunge dingi". Kila jioni, baba akiwa amekaa palepale na kikombe chake cha chai, Mhando anapaza sauti: "Mwalimu, dingi ameshapandishwa?"

Mwalimu ni mimi. Nafundisha Kiswahili, na ngeli ikivunjwa nasikia maumivu ya jino. Nimemsahihisha mpaka nimechoka.

Sheria ya Mhando ni moja: dingi halali majini. Akiachwa majini usiku, mkondo unaweza kumchukua, au wenye mikono mirefu watamchukua, au atajigonga ubavuni mwa boti na hakuna atakayepata usingizi. Kwa hiyo anavutwa juu kwa henza, ile kamba ya kupandishia tanga, anatolewa kizibo ili mvua isimjaze, halafu anafungwa mbele, nyuma na katikati. Kazi hiyo ni yangu.

Sasa jambo lililokuwa linanisumbua. Asubuhi ya leo baba alikuwa apande basi arudi Manyoni. Mama alifariki mwaka jana, na tangu hapo baba yuko peke yake kwenye nyumba yenye vyumba vingi na redio moja. Nilitaka akae na sisi. Wiki nzima nilijaribu kumwambia, nikashindwa. Kwetu mzee haishi kwa mkwe wake. Anakuja, anachinjiwa kuku, anaaga. Nilijua nikitamka tu atasema, "Mwanangu, watu watasema nini?" na habari itaishia hapo. Basi nikawa nampikia, nanyamaza, naumia.

Ndivyo nilivyolala.

Ni saa ya kulala na jua liko utosini. Hilo halinishangazi. Mhando yuko ndani anakoroma, na kila koromo ni agizo. "Krrr, vuta henza," anakoroma. "Krrr, usisahau kizibo."

Nainama nyuma ya boti kuvuta kamba ya dingi. Dingi anakohoa. Ni kikohozi cha baba, kile cha mara mbili alichokuwa akikitoa kabla ya kutangaza kwamba treni imechelewa. Amevaa miwani ya baba pia. Imekaa vizuri kwenye mpira, mahali ambapo pua ingekuwepo.

"Unafanya nini?" ananiuliza.

"Naipandisha dingi."

"Unai-nini?"

"Naipandisha."

"I," anasema dingi, taratibu, kama mtu aliyetiliwa chumvi kwenye chai. "Sahani i, zi. Ndoo i, zi. Elinami, mimi ni ndoo?"

Nikaona aibu. "Nampandisha dingi," nikajirekebisha.

"Hapo sawa. Unanipandisha cheo gani?"

"Si cheo, baba. Ni kupandishwa kwa kamba."

Sikumbuki ni saa ngapi nilianza kumwita baba. Hakuna aliyeshtuka.

"Nimetumikia reli mpaka nywele zimeisha," akasema dingi. "Kila mwaka wananiambia, Ntandu, safari hii unapandishwa. Leo ndiyo napandishwa kweli, na unaniambia ni kamba?"

Mambo ya vyeo ni ya winchi, ile mashine ya kuvutia kamba. Winchi ni mtu wa makamo, mnene, wa chuma kisichoshika kutu, na anaongea kwa meno. "Tak, tak," akasema. "Anapandishwa kutoka wapi?"

"Kutoka majini."

"Hiyo si idara yangu. Wanaopandisha majini ni waganga."

"Sikusema majini hao. Nimesema majini, kwenye maji."

"Kwenye maji sawa. Tak. Na anakwenda kuwa nani?"

Nikafikiri haraka. "Mkuu wa Stesheni, Mkoa wa Hewani," nikasema.

Dingi akajituna kidogo. "Mkoa," akasema. "Wangeniambia mapema ningevaa tai."

Winchi akaanza kuzunguka, tak, tak, tak, na dingi akapanda polepole akiwapungia mkono abiria. Nasema abiria kwa sababu tayari tuko Manyoni. Sitaha ya boti ni jukwaa la stesheni, mlingoti ni nguzo ya ishara, na bahari imelala kati ya reli mbili bila kumsumbua mtu. Samaki aina ya changu wamekaa kwenye mabenchi na mabegi yao. Wanatazama saa ya ukutani na kuguna.

"Krrr," anakoroma Mhando kutoka chini ya ofisi ya tiketi. "Kizibo."

Nikachomoa kizibo. Maji yakaanza kutoka, na maji yale yanaongea kwa sauti ya baba. Kwanza yalitoka matangazo ya treni, yote, mpaka ya treni ambazo siku hizi hazipo. Kisha ukatoka wimbo wa kanisani, sauti ya besi peke yake. Halafu yakatoka maoni kuhusu upishi wa Mhando: "Pilau la mkwe ni zuri, ila viazi vimezidi nyama." Samaki wakakubali kwa vichwa.

Mwishoni yakawa matone tu.

"Jioni," likasema tone, "bado napika ugali wa watu wawili."

Likaja jingine. "Na sahani ya pili naiosha, ingawa haijaliwa."

Nikakirudisha kizibo mbio. Sikuweza kusikia zaidi. Nililia kidogo, kwa adabu, maana abiria walikuwa wanaangalia.

"Tak," akasema winchi, akasimama. "Mzito huyu. Kizibo kimerudishwa na ndani mna kitu hakijasemwa."

"Kimebaki kwake," nikasema.

"Kwake au kwako? Mimi napima uzito tu. Sijui wa nani."

Nikajifanya sikusikia, nikashika kamba nimfunge hivyohivyo. Kamba ikanyanyua kichwa. "Unataka fundo gani?" ikauliza. "La mkononi au la moyoni?"

"La mkononi linatosha."

"La mkononi linafunguka. La moyoni likikazwa, watu huzikwa nalo."

"Mimi sina fundo moyoni."

"Lako liko kooni," ikasema kamba. "Wiki nzima nakuona unalimeza. Litoe tulitumie."

Nikakohoa. Likatoka fundo la nailoni ya buluu, zuri, limekazwa vizuri kuliko lolote nililowahi kufunga. Nikalivuta kuelekea kwa dingi. Halikufika. Lilipungua urefu wa mkono, na kamba ikasema haishangai, kwa kuwa mwenyewe sijalimaliza.

Hapo ndipo alipokuja kaa.

Alikuwa askari wa stesheni, amevaa sare, na mikono yake miwili ya kubania ameiweka nyuma kwa heshima ya kazi. Alikuja ubavu ubavu, na alipoongea alitazama mahali pengine kabisa.

"Huyu ni dingi halali?" akauliza.

"Halali majini," nikajibu upesi, kwa mazoea, kwa kuwa ndiyo sheria ya Mhando.

"Vizuri. Halali majini. Na hapa juu?"

"Hapa juu analala."

"Umesema halali."

"Halali majini. Juu analala."

"Kwa hiyo juu si halali," akasema kaa.

Nimefundisha vitenzi kanushi miaka mingi, na sijawahi kukutana na swali la namna ile kwenye mtihani wowote.

"Amekiri mwenyewe," kaa akawaambia samaki. "Majini ni halali, juu si halali. Arudishwe majini."

"Lakini afande, akirudi majini mkondo utamchukua!"

"Ulitaka akae wapi?"

"Hapa. Kwetu."

"Hapa ni kwa mkwe," akasema kaa, na kwa mara ya kwanza akanitazama, kwa jicho moja lililonyanyuka juu ya kijiti chake. "Mzee kukaa kwa mkwe wake. Umeona wapi?"

Samaki wote wakasema mh-mh-mh. Changu mmoja mzee akafunika mkoba wake, asije akahusishwa.

"Isitoshe," akasema kaa, "usafiri wake umefika."

Kweli ulikuwa umefika. Maji kupwa yalikuwa yameingia stesheni, yamesimama mbele ya jukwaa, mlango wazi, na ndani mkondo unaita kwa sauti iliyokauka: "Manyoni! Manyoni moja! Ya dirishani!"

Dingi akarekebisha miwani. "Mimi," akasema, "sijawahi kuchelewesha usafiri hata siku moja."

Henza ikalegea yenyewe kwa kumheshimu. Winchi akasema samahani, yeye ni wa kupandisha tu, kushuka watu hushuka wenyewe. Dingi akaanza kuteremka kuelekea mlangoni, mpira wake unasuguana na ukuta wa boti, na mimi nikashikwa na hofu ambayo sijawahi kuijua hata nikiwa macho. Nilimpenda baba yangu na alikuwa anaondoka, na akiondoka hivi hatarudi tena.

"Izuieni!" nikapiga kelele.

Hakuna aliyejisogeza. "Hakuna ya kuizuia," akasema changu mzee. "Yupo wa kumzuia."

"Mzuieni basi! Msimwache! Mwambieni asiende!"

"Unamwambia nani?" akauliza kaa.

"Nyinyi!"

"Sisi tumesikia. Yeye je?"

Dingi alikuwa ameshagusa maji. Mkondo ukampokea begi. Nikajitupa kifudifudi ukingoni mwa jukwaa nikaita kwa nguvu zangu zote:

"Kaa! Kaa!"

"Naam," akasema kaa.

"Si wewe!"

"Umeniita mara mbili."

"Namwambia baba akae!"

"Hujamwambia," akasema kaa, bila kukasirika. "Ulianza na i, ukahamia m. Wiki nzima unamtaja tu. Wewe si mwalimu? Hakuna nyingine?"

Nikakumbuka. Nawafundisha watoto wa kidato cha kwanza, na wanaijua hata wale wanaokaa nyuma.

"Ku," nikasema.

"Ku," wakasema samaki wote kwa pamoja, kama darasa.

Lakini dingi alikuwa ameanza kusogea. Chini ya mpira miguu yake ilikuwa imetokeza, miguu ya baba, imevaa soksi za sufu za kijivu, zile alizofumiwa na mama. Nikanyoosha mkono mpaka bega likalia. Sikuwa na kamba wala fundo wala cheo cha kumpa. Nilikuwa na salamu tu.

"Shikamoo, baba!" nikasema, nikashika mguu.

"Marahaba," akasema dingi.

Mkondo ukasimama. Hata mkondo una adabu. Mzee akiwa anaitikia salamu, haondoki mtu. Dingi akageuza miwani akatazama mkono wangu.

"Watu wanasema tu shikamoo," akasema. "Wewe umeshika kweli?"

"Nimeshika."

"Unataka nini, Elinami?"

"Nakuomba," nikasema, na fundo la buluu likaongezeka urefu mkononi mwangu. "Nakuomba ukae, baba. Nakuhitaji. Nitakupikia, nitakukasirisha, utasema viazi vimezidi. Ukiondoka nitakuwa nakuwaza kila jioni, wewe na sahani zako mbili. Na watu waseme mpaka wachoke."

Kaa akatazama kando, lakini yeye ndivyo anavyotazama siku zote.

"Manyoni!" ukaita mkondo, ukavuta. Soksi ikaanza kuchomoka mguuni. Nikaishika kwa mikono yote miwili. Kisigino kikatoka, nikashika vidole.

Dingi akakohoa mara mbili.

Nikaamka.

Ilikuwa asubuhi. Harufu ya chai, mwanga kwenye kidirisha, mawimbi madogo yakilamba boti. Nilikuwa nimelala kitandani kwangu, mkono umening'inia nje, na ngumi nimeifumba mpaka vidole vimekufa ganzi. Nikaifumbua. Ndani mlikuwa na soksi moja ya sufu ya kijivu, imelowa chapachapa, inadondosha maji kwenye godoro.

Nikailamba. Ilikuwa na chumvi.

"Mwalimu!" Mhando aliita kutoka juu. "Hongera! Dingi amelala vizuri! Mkavu kabisa, kafungwa mbele, nyuma na katikati!"

Kwa hiyo dingi hakugusa maji usiku kucha. Nilikaa na soksi yangu mkononi nikaliwaza jambo hilo kwa muda, kisha nikaisokomeza ndani ya khanga, kiunoni, nikapanda juu.

Baba alikuwa amekaa sitahani, begi lake limefungwa, kofia kichwani. Mguu mmoja ulikuwa na soksi na kiatu. Wa pili ulikuwa mtupu, na ngozi ya vidole imekunjamana, nyeupe, ya mtu aliyekaa kwenye maji muda mrefu. Alikuwa ananyanyua mito mmoja mmoja na kuchungulia chini yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akaniangalia, akaendelea kuniangalia kuliko kawaida. "Soksi yangu moja haionekani."

"Zile za mama?"

"Zile."

Mhando akatazama saa yake. "Mzee, tukimshusha dingi sasa hivi, basi tutaliwahi."

"Nitasafirije na soksi moja?" akauliza baba. "Zimefumwa pamoja. Siwezi kuondoka nikamwacha mwenzake huku."

Alisema "mwenzake". Soksi ni i-zi, na alipaswa kusema "nikaiacha nyingine". Sikumsahihisha.

Akavua kile kiatu kimoja, akakiweka pembeni, akavua na kofia. Halafu akaongea akitazama bahari, kwa sauti ile ya kutangaza treni.

"Kwa hiyo itabidi nisubiri mpaka ipatikane. Na mtu asije akasema Ntandu anaishi kwa mkwe. Ntandu anatafuta soksi."

Maji yalikuwa yananitiririka kutoka kwenye khanga, yakipita gotini, yakitengeneza kidimbwi miguuni kwangu. Mhando akakitazama kidimbwi. Akanitazama mimi. Sijawahi kumpenda mtu yule kama nilivyompenda pale.

"Mzee," akasema, "boti hii ina vichochoro vingi sana. Na hapo hatujaigusa nyumba yetu ya Tanga, maana soksi inaweza kuwa iko huko. Kutafuta kunaweza kuchukua hata mwaka."

"Hata miwili," nikasema.

Baba akajimiminia chai, akanyoosha mguu wake mtupu juani.

"Tafuteni polepole," akasema. "Msije mkaichana."